Mchunga Mezani Bari

Kwa miaka 11 nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya ufukweni mjini Malindi, na kwa muda huo wote wageni wangu wengi walikuwa Waitaliano. Msomaji wa bara huenda akashangaa, lakini sisi wa Malindi tumekua na Kiitaliano masikioni. Walianza kufika kwetu miaka ya 1960, ulipojengwa mradi wa San Marco katika Ghuba ya Ungwana na setilaiti ikarushwa kutoka pale baharini mwaka 1967. Nyuma ya wahandisi wakaja watalii, kisha wenye majumba, wenye hoteli na wenye mikahawa. Lugha yao niliokota nikiwa nimebeba sahani. Nilijua kuwa kapuchino hainywewi baada ya chakula cha mchana, kuwa spageti hazikatwi kwa kisu, na kuwa mgeni akiomba jibini juu ya pasta ya kamba, mpishi wetu, ambaye alifunzwa na Muitaliano, atanuna jikoni mpaka jioni. Kwa hiyo nilipokwenda kumtembelea mdogo wangu mjini Bari, mwezi wa Oktoba, niliondoka nyumbani nikiamini kwamba mezani kwao sitakuwa mgeni.

Mdogo wangu anamtunza bibi mmoja wa miaka 87. Kazi hiyo huko huitwa ya badante, na wanaoifanya wengi ni wanawake kutoka nje kama yeye, wanaolala nyumba moja na mzee wao na kupumzika Alhamisi alasiri na Jumapili. Nilifika siku ya Alhamisi, na jioni ile ile nikataka kumkirimu. Tukaingia mkahawa wa samaki karibu na bahari, tukaona menyu imeandikwa euro 6 mbele ya samaki mzima wa kuoka, nikamwagiza bila kuuliza neno. Bili ilipokuja, samaki peke yake alikuwa euro 54. Zile euro 6 zilikuwa bei ya etto, yaani gramu 100, na samaki wetu alikuwa na gramu 900. Neno hilo lilikuwapo kwenye menyu kwa herufi ndogo, wala sisemi kwamba niliibiwa. Lakini mhudumu aliyetupokea alikuwa amesikia namna tulivyokuwa tukihesabu fedha zetu, na akanyamaza. Kwetu Malindi nilifunzwa kumleta samaki mbele ya mgeni, kumpima naye akiona, na kumtajia bei kabla hajaguswa na moto. Usiku ule nililala na uchungu, na tangu hapo popote nilipoona samaki akiuzwa kwa uzito nimeomba apimwe kwanza na nitajiwe jumla yake.

Mkahawa ambao mdogo wangu alitaka hasa nikale ulikuwa mwingine, ndani ya Bari Vecchia, mji wa kale. Vichochoro vyake ni vyembamba kama vya Lamu, na watu hukaa kwenye viti nje ya milango yao jinsi sisi tunavyokaa barazani. Vichochoro hivyo huzunguka na kupinda mpaka ghafla vinakutupa mbele ya Basilika la Mtakatifu Nikola, ambaye mifupa yake ililetwa na mabaharia wa Bari kutoka Myra, katika Uturuki ya leo, mwaka 1087. Tulikwenda Jumamosi saa kumi na mbili jioni tukakuta mlango umefungwa. Hilo nilipaswa kulijua. Jiko la kusini mwa Italia hupumzika baada ya chakula cha mchana na halifunguki tena mpaka saa moja na nusu au saa mbili usiku; ni sisi wa hoteli tuliowazoesha wageni kula saa yoyote. Tukarudi saa mbili, na mtu wa mlangoni akatuambia kwa maneno mawili tu kwamba pamejaa, akageuka kushughulikia mengine. Nilichukia. Katika hoteli yetu huwezi kumwambia mgeni kwamba nafasi hakuna bila kumwomba radhi mara tatu na kumtafutia kiti cha kusubiria.

Aliyetutatulia jambo hilo ni bibi mwenyewe. Aliposikia kwamba tumefukuzwa, kama alivyoona yeye, aliomba apewe simu, akaongea kwa lahaja ya Bari ambayo mimi na Kiitaliano changu chote sikuambulia zaidi ya neno moja katika kumi, kisha akakata simu na kusema kwamba meza yetu ni kesho, Jumapili, saa saba na nusu mchana, na tusichelewe.

Jumapili asubuhi tulipitia gatini, mahali ambapo watu wa Bari hupaita N'dèrr'a la lanze, wanapouza samaki waliotoka majini muda huo huo. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba nchi ile si ile niliyokuwa nikiihudumia. Mzee mmoja alikuwa na pweza mkononi. Alimpigiza kwenye jiwe, akamwinua, akampigiza tena, sikujua mara ngapi. Kisha akachukua ubao mpana wenye mpini na kumponda polepole, kila mguu kwa zamu yake, akawa anamsuuza kwa maji ya bahari mpaka povu jeupe likatoka. Baada ya hapo akamtia ndani ya beseni na kuanza kulitikisa huku na huku, kama mwanamke anayepepeta mchele, na miguu ya pweza ikaanza kujikunja yenyewe, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikawa migumu na imejiviringa kama nywele za mtoto. Kwetu pia pweza hupigwa kwa gongo mpaka alainike, tena nimeyaona hayo tangu utotoni. Lakini sisi tunamlainisha ili tumpike. Hawa humla vile vile alivyo. Mzee alinikatia kipande akanipa, nikala. Kilikuwa na utamu wa chumvi na kilikatika kwa jino pasipo ubishi.

Kome wabichi sikuwagusa. Watu walikuwa wakisimama pale pale na kuwala wakiwa wazima, kwa kukamulia limau tu. Mdogo wangu alinieleza kwamba bibi wake huwakumbuka kwa sababu nyingine: mwaka 1973 kipindupindu kilizuka Napoli na Bari, wakalaumiwa kome. Mimi nimekaa semina nyingi za usafi wa vyakula, na ninasema bila kuwadharau wenyeji kwamba kome mbichi asiyejulikana alikotoka si wa kuonjwa kwa ajili ya kumfurahisha mwenyeji.

Kutoka gatini tulipita Arco Basso, kichochoro ambacho akina mama huketi nje na meza zao za mbao wakitengeneza orecchiette, pasta ya umbo la sikio dogo. Nilisimama nyuma ya mmoja wao kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Huviringisha unga uliokandwa uwe kamba ya unene wa kidole, hukata kipande cha ukubwa wa punje ya njugu, hukikokota ubaoni kwa ncha ya kisu butu mpaka kijikunje, kisha hukigeuza juu ya kidole gumba, na sikio limekwisha, huku mkono wa kushoto umeshafika kwenye kipande kingine. Nikamuuliza wanatia mayai mangapi kwa kilo. Akanitazama kama niliyeuliza wanatia sukari ngapi kwenye mchuzi wa samaki. Ni unga wa ngano ngumu na maji ya vuguvugu, basi. Mayai ni ya watu wa kaskazini, akasema. Huku yai lilikuwa la kuuza. Na mimi kwa miaka 11 niliwaambia wageni, kwa kujiamini kabisa, kwamba pasta halisi ya mkono ya Kiitaliano ni ya mayai.

Mkahawa wenyewe haukuwa na cha kujivunia kwa macho. Ulikuwa chumba kimoja cha dari la mawe lililopinda, meza kama 12 zilizokaribiana mpaka migongo ya watu inagusana, na juu ya meza karatasi badala ya kitambaa. Saa saba na nusu, chumba kizima kilikuwa kimejaa familia: babu, wana, wakwe, wajukuu, mtoto mchanga ndani ya kigari kilichofungia njia, na kelele za kutosha ukumbi wa harusi. Yule aliyetufungia mlango jana yake ndiye aliyetupokea, na mdogo wangu alipotaja jina la bibi akatupa mkono. Alikuwa mwenye mkahawa. Hakuleta menyu. Alisimama, akaegemeza ngumi mbili mezani, akaanza kututajia kilichopo siku hiyo.

Hapo nikamkatiza kwa sababu nilikuwa na jambo langu. Sisi ni Waislamu. Hatuli nguruwe, hatutaki chakula kilichotiwa mvinyo, na nyama yoyote ambayo haikuchinjwa kwa namna yetu tunaiacha. Mahali pengine Ulaya nimeyasema hayo nikaonekana msumbufu. Nilijitayarisha kwa uso wa kununa. Mwenye mkahawa akanyamaza kidogo, akihesabu kimoyomoyo, kisha akasema kwamba tutakula vizuri kuliko meza zote zilizotuzunguka, kwa maana bibi zao waliishi hivyo hivyo, si kwa dini bali kwa ukata: nyama ilikuwa ya Jumapili na sikukuu, siku nyingine zote ni mboga, maharagwe, mkate, na kilichotoka baharini. Alitutahadharisha na kitu kimoja tu, nao ni ule mchuzi mwekundu wa Jumapili wenye brasciole, vipande vya nyama vilivyokunjwa na kufungwa, ambavyo Bari mara nyingi hutengenezwa kwa nyama ya farasi. Tukaushukuru uaminifu wake. Jambo ninalomshauri kila Mswahili mwenye masharti kama yetu ni kuyasema mapema, kabla ya kuagiza, na kuyasema kikamilifu. Asimuulize mhudumu kama chakula fulani ni halali, kwa kuwa neno hilo huenda halimwambii chochote, bali amtajie vitu vyenyewe.

Kisha wakaanza kuleta. Nilidhani ninajua maana ya antipasto, vyakula vya kufungulia mlo: kwetu hotelini ilikuwa sahani moja, vipande vitatu, jani la kupambia. Puglia, mkoa wa Bari, ni mafuriko. Ikaja burrata, mfuko wa jibini laini wenye malai ndani, ambayo asili yake ni mji wa Andria, si mbali na Bari. Ukiupasua, malai yanamwagika na unakimbilia mkate. Yakaja matonge ya mkate uliolala yaliyokaangwa kwa jibini na kitunguu saumu, ambayo hayana nyama hata chembe lakini umbo lake ni la kababu. Zikaja sgagliozze, vipande vya ugali wa mahindi vilivyokaangwa na kunyunyizwa chumvi, ambavyo nilivila nikicheka kwa furaha, maana ugali uliolala kukaangwa asubuhi sikuujua leo. Vikaja lampascioni, vitunguu vya porini vichungu; pweza wa kuchemsha kwa limau; na mkate wa Altamura, wenye ganda gumu na ndani rangi ya manjano ya ngano ngumu, mkate ambao mwaka 2003 ulipewa ulinzi wa Umoja wa Ulaya kwamba usitengenezwe kwa jina hilo mahali pengine. Sahani zilikuwa tisa, na nilikuwa nimekwisha kushiba kabla sijagundua kwamba chakula chenyewe hakijaanza. Mdogo wangu alikuwa ameonja tu kila sahani na kuiacha. Dada, akaniambia, kula kama unayefuturu, usile kama anayekula daku.

Sahani ninayotaka kuieleza kwa kirefu ndiyo iliyokuja baada ya hapo. Ilikuwa ya udongo, nusu yake ina uji mzito wa rangi ya krimu, nusu nyingine ina majani ya kijani kibichi yaliyochemshwa, na juu yake mafuta ya zeituni mabichi yamezungushwa. Waliiita fave na cicorie. Uji ule ni maharagwe mapana makavu yaliyomenywa maganda, yakarowekwa usiku, yakapikwa ndani ya chungu kando ya moto kwa saa nyingi mpaka yakavunjika yenyewe, bila kusagwa. Majani ni ya porini. Nilichota vyote viwili pamoja nikatia kinywani, na kabla sijameza nikamtazama mdogo wangu, naye alikuwa ameniangalia tayari, akisubiri. Tukasema kwa pamoja: mchunga.

Asiyetoka pwani huenda haujui mchunga. Ni jani la shambani, lina maji meupe kama maziwa ukilikata, na lina uchungu unaokaa nyuma ya ulimi. Bibi yetu aliuchuma ukingoni mwa shamba la mihogo; sokoni Malindi huuzwa kwa mafungu, na bei yake ni ndogo. Baadaye nilijifunza kuwa mimea hii miwili, mchunga wetu na cicoria yao, wataalamu huiweka katika ukoo mmoja, kwa hiyo ulimi wetu haukuwa umetudanganya. Lakini pale mezani sikuwa nikifikiria ukoo wa majani. Nilikuwa nikikumbuka chumba cha wafanyakazi nyuma ya jiko la hoteli, tulipokuwa tukila mchunga kwa ugali tukiwa tumefunga dirisha, kwa sababu meneja alikuwa ametukataza kuacha harufu ya mboga zetu ifike ukumbini. Na ukumbini mle walikuwa wameketi watu wa nchi hii, pengine wengine wa mji huu huu, wakila spageti niliyowabebea mimi.

Sikuweza kuendelea kula kwa dakika kadhaa. Nilitazama meza za jirani. Kila meza ilikuwa na sahani ile. Babu wa meza ya kushoto, aliyevaa tai, alikuwa akimlisha mjukuu wake uji ule kwa kijiko, na mtoto alipokunja uso kwa uchungu wa jani watu wazima wote wakapiga makofi. Hakuna aliyeomba radhi kwa chakula kile cha kimaskini, wala aliyekipamba kwa jina la kigeni, wala aliyekificha chini ya nyama. Kilipewa sahani yake, nafasi yake katika mpangilio wa mlo, na mafuta bora yaliyokuwamo nyumbani.

Mafuta hayo nayo yalinifunza. Hayakupikwa. Mwenye mkahawa aliyamimina mbele yetu, mwishoni, sahani ikiwa imeiva na iko mezani, na harufu ikapanda kwa joto la chakula. Nikaona ni kasimele. Mpishi wa pwani yetu hupika kwa tui jepesi, na lile zito la kwanza hulitia mwisho, moto ukiwa umekwisha kazi yake, ili lisikatike na ladha yake isipotee. Nikamwambia hivyo mwenye mkahawa, kwa maneno niliyoweza, akavuta kiti akaketi. Akatueleza kuhusu mizeituni ya Salento, kusini zaidi ya mkoa, ambako mwaka 2013 uligunduliwa ugonjwa wa bakteria ya Xylella ambao tangu hapo umekausha mizeituni kwa mamilioni, mingine ya karne kadhaa. Mjomba wake alikuwa na shamba huko. Alisema alipokwenda kuliona aliikuta miti imesimama mikavu kama watu waliosahauliwa, na hapo akanyamaza, akainuka kwenda kwenye meza nyingine.

Baada ya fave zikaja orecchiette, lakini za rangi ya majivu. Zilikuwa za grano arso, ngano iliyoungua. Wanavyosimulia, baada ya mavuno wenye mashamba makubwa walichoma mabua, na maskini wakaruhusiwa kuingia kuokota punje zilizobaki, zimeshababuka kwa moto. Wakazisaga na kuzichanganya na unga mweupe kidogo waliokuwa nao. Leo ngano hukaangwa makusudi ili ipate ladha ile ya moshi. Zilipikwa pamoja na cime di rapa, majani na vichipukizi vya mboga ya jamii ya kabichi, ndani ya maji yale yale yaliyochemshia majani, kisha zikageuzwa katika mafuta yenye kitunguu saumu, pilipili na samaki wadogo wa chumvi walioyeyuka. Nilikula nusu tu. Najuta mpaka leo.

Tiella nilikuwa nimeisikia kwa bibi. Ni mchele, viazi na kome vilivyopangwa kwa tabaka ndani ya chombo kipana na kuokwa, na mtu wa pwani akiiona atasema moyoni kwamba ni biriani ambayo haikukubali viungo. Mchele hutiwa mbichi. Kome hufunguliwa kwa kisu wakiwa hai, nusu ganda hutupwa na nusu huachwa na nyama yake, na maji yanayotoka ndani ya kome huchujwa na kumwagiwa humo, ili mchele uive kwa bahari yenyewe. Kitunguu, nyanya, na juu kabisa jibini la kondoo lililokunwa. Nilipoliona lile jibini nilimuuliza mwenye mkahawa, kwa heshima, kwa vile nilikwisha kuwakatalia wageni wengi: je, si ni mwiko kuchanganya jibini na vyakula vya baharini? Akasema ni mwiko. Nikamwonyesha sahani. Akasema hiyo ni tiella.

Nimelifikiria sana jibu lile. Kanuni nilizofunzwa hotelini, ambazo nilizishika kama aya, zilikuwa za kweli, lakini zilikuwa zimeng'olewa kutoka kwenye nyumba za watu na kuandikwa kwenye karatasi ya mafunzo. Nyumbani kwa wenyewe kila kanuni ina mama aliyeivunja kwa sababu nzuri. Hata sisi, mtu akituuliza kama samaki hutiwa maziwa tutakataa, na huku tui letu limejaa chunguni.

Saa kumi kasorobo bado tulikuwa mezani, wala hakuna aliyetuletea bili. Hilo nililijua na niliwahi kuwaeleza wahudumu wapya: kumletea mgeni wa Kiitaliano bili ambayo hakuiomba ni kumfukuza. Nilipoiomba ilikuwa euro 61 kwa watu wawili, pamoja na euro 2 za coperto kwa kila kichwa. Coperto ni malipo ya kiti, mkate na matandiko ya meza, na wageni wengi hudhani ni ulaghai. Kwenye mikahawa mingi ya huko ni jambo la kawaida, na linatakiwa kuandikwa mahali mgeni anapoweza kulisoma. Lilikuwa kwenye karatasi ukutani, karibu na mlango. Nilitaka kuacha bakshishi ya asilimia 10, kama nilivyozoea kupewa, mdogo wangu akanizuia akasema euro 3 zinatosha, na nikaona kwamba hata hizo zilipokelewa kwa mshangao kidogo.

Kabla hatujatoka, mpishi alikuja. Alikuwa mwanamke wa makamo, aproni imelowa, mikono inanuka kitunguu saumu. Mwenye mkahawa, ambaye ni kaka yake, alikuwa amemwambia kwamba meza ya pembeni kuna wanawake wawili wa Afrika wanaosema wana cicoria kwao. Hakuuliza tunatoka nchi gani. Aliuliza tunaipikaje.

Nikamwambia tunaichemsha, kisha tunaiunga kwa nazi. Akauliza kwa muda gani. Akauliza kama uchungu tunautoa au tunauacha, na tukiutoa, kwa njia ipi, na kama nazi inaingia kabla ya chumvi au baada yake. Nilianza kujibu nikajikuta nimekwama. Nilikuwa na uwezo wa kumwambia mtu yeyote, kwa Kiitaliano fasaha, namna ya kupika pasta ya carbonara, ambayo si chakula cha kwao wala cha kwetu. Mchunga nilikuwa nimeula maisha yangu yote bila kuupika hata siku moja, kwa kuwa nyumbani aliupika mama, na kazini tuliupikiwa na mlinzi wa usiku. Nikamwomba anipe siku chache.

Usiku ule nilimpigia mama simu Malindi. Kwanza hakuamini. Alidhani namtania, kisha akadhani tumeishiwa fedha mpaka tumeanza kula mboga za porini Ulaya, na mdogo wangu ilibidi achukue simu amwapie kwamba tu wazima na tumeshiba. Alipokubali, akaanza kueleza polepole kama anayemfundisha mwali: chagua majani machanga, osha mara tatu, mchanga wake ni mwingi, chemsha na chumvi kidogo mpaka yalainike, mwaga maji yale yote, kamua kwa mikono miwili, katakata, kaanga kitunguu kidogo tu, kisizidi, tia tui jepesi, acha likauke, kasimele mwisho, na ukishaitia usiondoke jikoni. Niliyaandika yote kwa Kiswahili, kisha nikakaa na mdogo wangu mezani kwa bibi kuyatia katika Kiitaliano. Neno kasimele lilitusumbua mpaka bibi, aliyekuwa akisikiliza, akasema tuandike mafuta ya kwanza ya nazi, kwani mkamuo wa kwanza kila mtu wa Bari anaujua.

Mimi nilirudi Kenya siku ya Jumatano. Mdogo wangu aliipeleka karatasi Alhamisi alasiri, siku yake ya mapumziko, mkahawa ukiwa umefungwa na mpishi ameketi nje akichambua majani. Alinisimulia kwamba mpishi aliisoma yote mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni, na akawa na swali moja tu la kuniuliza: kwa nini mama yetu anamwaga maji ya mboga, ilhali mama yake yeye hunywa kikombe cha maji hayo kila asubuhi, yakiwa ya moto, na ana miaka 91?